Nilipima vyuma vyangu kwa mizani inayokula, nikaumia mgongo, lakini Bibi hatoki Buyenzi

Wakuu wa humu, pamoja na dada zangu mnaosoma kimya kimya bila kuandika neno, nawasalimu kutoka Buyenzi, Bujumbura. Amahoro.

Niseme mapema kabla hamjaniuliza vyeti. Mimi si mwalimu wa gym. Shule niliiacha darasa la tisa, kazi yangu ni kusuka nywele hapa nyumbani. Nikikosea jina la msuli nirekebisheni taratibu. Ila kilichotokea nakiandika kama kilivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga, na mahali hapo patafika, subirini.

Naishi na Bibi yangu, mama wa mama yangu. Mwaka jana alipooza upande wa kulia. Akili iko sawa, mdomo uko sawa (sana), ila mguu wa kulia haumsaidii. Anaweza kusimama kidogo ukimshika, lakini kumtoa kitandani, kumpeleka bafuni, kumkalisha kwenye kiti, hiyo ni kazi ya mikono yangu.

Na mimi nilikuwa mwembamba kama kitana.

Siku moja asubuhi, ilikuwa wiki ya pili baada ya Idi ndogo, namtoa kitandani, nikainama vibaya, tukaenda chini wote wawili. Bibi hakuumia. Alilala pale juu ya mkeka akaniangalia, akasema, "Sasa tumefika wapi?" Nikacheka, halafu nikalia.

Jirani yetu Mama Zuhura alisikia kishindo. Mama Zuhura akisikia kitu, hadi saa sita mji mzima umekisikia. Jioni ile ile Mjomba Rashidi akafika na gari lake kutoka Kibenga.

Mjomba si mtu mbaya, naomba mlielewe hilo. Anampenda mama yake. Alisimama mlangoni hata kiti hakutaka.

"Mutoto, mi sikatai unamupenda. Lakini we uko na nguvu gani? Siku ingine utamuangusha, tumuzike. Idi kubwa ikipita nakuja kumuchukua. Chumba kiko tayari."

Bibi hapo alikuwa anasikia yote. Kibenga ni kuzuri, hewa ya ziwa, nyumba kubwa. Lakini Bibi kaingia Buyenzi akiwa bi harusi. Kila siku baada ya alasiri wenzake watatu wanakuja kukaa naye kwenye baraza, wanasengenya watu ambao wengine wameshakufa. Kule Kibenga Mjomba na mkewe wako kazini kutwa, Bibi angekaa anaangalia ukuta.

Mjomba alipoondoka Bibi aliniambia kitu kimoja tu. "Mi sitaki kwenda kuwa mugeni nikiwa na miaka hii."

Wakuu, hapo ndipo nilipoamua. Nina kama miezi miwili tu. Ama niwe na nguvu, ama Bibi aende akaangalie ukuta.

Gym ziko, sikatai. Lakini nani abaki na Bibi? Na gym nilizoziona mimi ni za wanaume watupu, ukiingia wanaacha kunyanyua wanakutazama wewe. Nikasema basi, gym itakuja hapa uani.

Nilianzia kwa kine. Kine ni yule mtaalamu wa viungo, kuna dada mmoja kwenye kituo cha afya aliyekuwa anamfanyisha Bibi mazoezi ya mguu. Nikamwomba anielekeze na mimi. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Ungekuja kabla hujaanguka, ningefurahi zaidi." Lakini alinielekeza, na aliyoniambia niliyaandika kwenye daftari ninaloandikia wateja wangu.

Siku tatu kwa wiki, katikati lazima siku ya kupumzika, kwa sababu misuli inajengeka ukipumzika na siyo ukijiua. Kwanza dakika kumi za kupasha mwili moto, kutembea, kuzungusha mabega, kuchuchumaa bila kitu. Halafu mambo manne basi. Kuchuchumaa mpaka kwenye stuli na kusimama. Kunyanyua chuma kutoka chini, mgongo ukiwa umenyooka na magoti yakifanya kazi. Kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama kidogo. Na kutembea uani umebeba dumu la maji kila mkono.

Mara nane, unapumzika, mara nane tena, mara nane tena. Sisi huku tunaita seri, nyie mnaita seti, jasho ni lile lile.

Na akanisisitizia hili mpaka akanichosha. Anza na uzito ambao unaona aibu. Acha wakati bado unahisi ungeweza mara mbili zaidi. Kila wiki ongeza kidogo sana. Usibane pumzi. Misuli kuchoka ni kawaida, ila maumivu makali ya ghafla, au yanayoteremka mguuni, unaacha siku hiyo hiyo.

Sasa vyuma vitoke wapi?

Anayeijua Buyenzi ameshacheka. Huku kila nyumba ya tatu ni gereji. Nilikwenda kwa Fundi Haruna, mtaa wa nyuma, nikamwambia nataka diski za breki zilizokufa.

"Dada, unajenga gari?"

"Najenga mgongo, Fundi."

Alicheka mpaka akaweka spana chini. Lakini alinipa diski sita za ukubwa tofauti, akanikatia bomba la chuma, akanipa na vile vibanio vya mpira wa radieta, wao wanaita kola, nivikaze pembeni ili diski zisiteleze. Hakutaka kitu. Alisema tu nikifanikiwa nimsukie binti yake.

Shida ikawa moja. Diski haijaandikwa kilo. Na kine kaniambia niandike kila uzito, niongeze kidogo kidogo.

Pembeni ya gereji kuna mzee ananunua vyuma chakavu. Ana mizani ya kuning'iniza. Nikamwomba anipimie. Alinipimia zote sita kwa moyo mweupe, nami nikaandika kwa chaki juu ya kila moja: tatu, tatu, tano, tano, saba, na moja ndogo ya peke yake, mbili. Nikarudi nyumbani nimebeba kwa toroli kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Wale wa Bujumbura ambao mmeshaona kosa langu, nyamazeni kwanza.

Nikaanza. Baada ya sala ya alfajiri, Bibi bado amelala, mimi uani na bomba langu. Siku ya kwanza diski mbili za tatu. Niliona aibu kama kine alivyotaka, ila nilishangaa, mbona kilo sita tu na bomba zinanitoa jasho hivi? Nikajisema, ndiyo wembamba wenyewe huo. Endelea, mwembamba.

Wiki ya pili mtaa ulikuwa umeshajua. Ukuta wetu ni mfupi.

Mama Zuhura aliweka kidevu juu ya ukuta. "We mutoto wa kike! Utatoka ndevu!"

"Zikitoka nitazisuka, Mama Zuhura. Si ndiyo kazi yangu?"

"Na nani atakuoa na mabega ya mubeba mizigo?"

"Mwenye mizigo."

Alishuka ukutani. Lakini ukweli niwaambie, maneno yale yaliniuma. Mimi nataka kuolewa, nataka watoto, nataka yote. Nilikaa juu ya stuli dakika nzima. Halafu nikawaza, mwanaume atakayeogopa mabega yaliyombeba bibi yangu, huyo wa nini? Nikashika bomba, nikamaliza seri ya tatu.

Wiki ya nne nilikuwa mtu mwingine. Kumtoa Bibi kitandani kulikuwa bado kugumu, ila hatutetemeki tena. Mapaja yalikuwa yanakaza nguo. Bibi alinishika mkono akasema, "Hii ni nyama ama ni muti?"

Hapo kichwa kikaanza kuvimba. Nikataka kufika saba kila upande. Lakini diski ya saba ilikuwa moja. Nikatengeneza mwenzake. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikatia zege, nikasimamisha kipande cha bomba pana katikati kiache tundu, likakauka. Nikalipeleka sokoni Jabe kwa muuza mchele mmoja ninayemsuka, akanipimia kwenye mizani yake. Kilo saba kamili. Nikaandika saba.

Nilipolibeba mkononi nilihisi ni jepesi kuliko diski. Mkono wangu uliniambia kabisa. Nikaubishia. Nikasema ni ukubwa wa kopo unanidanganya, chaki inasema saba na saba.

Diski kushoto, kopo kulia, nikakaza kola kwa haraka, nikainama, nikanyanyua.

Bomba likalala kushoto. Kola ikaachia, diski ikateleza ikaanguka kando ya mguu wangu, karibu kabisa na vidole, kopo likanivuta kulia, na kiuno kikajizungusha katikati. Nilisikia kitu kama kitambaa kinachanika.

Nilitambaa mpaka ndani. Bibi yuko kitandani hawezi kuinuka, mimi niko chini siwezi kuinuka. Tukatazamana.

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Saba huku, saba huku, bomba likalala.

"Hii ya kushoto umepimia wapi?"

"Kwa mzee wa vyuma chakavu."

"Na hii ya kulia?"

"Jabe, kwa muuza mchele."

Wakuu, Bibi yangu aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Jabe tangu mama yangu hajazaliwa. Alianza kucheka polepole, halafu akacheka mpaka machozi, mkono wake mmoja mzima unapiga godoro.

"We mutoto umezaliwa hapa hapa! Ule mwingine ananunua! Mizani yake inakula! Na huyu wa mchele anauza! Yake inatapika! We umechukua ya kula na ya kutapika, umeweka kwa bomba moja!"

Nilitaka kucheka na mimi, ikawa kila nikicheka mgongo unanichoma.

Kwa wasioelewa: anayenunua vyuma kwako anataka kilo zionekane chache, basi mizani yake inapunguza. Anayekuuzia mchele anataka kilo zionekane nyingi, basi yake inaongeza. Buyenzi na Jabe mtoto mdogo anajua. Sisemi wote wako hivyo, nasema hawa wangu wawili. Na mimi nilijua! Ila nilijua kwa mambo ya kununua na kuuza. Halikuniingia kichwani kwamba na mgongo wangu uko sokoni.

Bibi alimwita jirani kwa sauti, kine akaitwa, akaja kunitazama. Akasema ni msuli umevutika, si mfupa, nashukuru Mungu. Wiki mbili hakuna chuma, kutembea tu na kujinyoosha taratibu. Binti wa Mama Zuhura akawa anakuja asubuhi na jioni kunisaidia na Bibi. Ndiyo, wa Mama Zuhura yule yule. Watu si kitu kimoja.

Lakini habari ilikuwa imeshavuka mji. Siku ya tisa, Ijumaa baada ya sala, gari la Mjomba likasimama mlangoni. Nyuma kulikuwa na godoro limetandikwa shuka.

Idi kubwa ilikuwa bado.

Watu wakajaa mlangoni. Mjomba akaingia. "Nimesikia sasa ata we uko mugonjwa. Basi. Tumuchukue Mama leo."

"Apana, Mjomba. Ulisema Idi ikipita."

"Kama uko na nguvu, munyanyue. Sasa hivi, mbele ya watu. Ukiweza, mi narudi na gari tupu."

Mama Zuhura akasukuma watu apate kuona vizuri.

Ningeweza. Nawaapia ningeweza, mara moja ile ningemnyanyua. Mwili wote ulikuwa unataka. Mgongo ulikuwa umeshaacha kuniuma asubuhi, na macho ya watu ni kama petroli. Lakini kine alisema wiki mbili, na hizi zilikuwa siku tisa. Na kitakachokuwa mikononi mwangu siyo diski. Ni Bibi.

Nikasema, "Leo simnyanyui, Mjomba."

Mtu mmoja mlangoni akacheka. Mwingine akasema, "Si tulijua."

"Leo simnyanyui kwa sababu sijapona. Nikimnyanyua leo ni kwa ajili yenu, siyo kwa ajili yake. Njoo siku uliyosema mwenyewe."

Mjomba akafungua mdomo, na hapo Bibi akaongea kutoka kitandani, sauti ile ya kuita wateja sokoni.

"Rashidi! Mi si gunia la watu kuonyeshana nguvu. Umesema Idi, ni Idi. Na hao wa kwa mulango waende, sijafa."

Wakaenda. Mjomba naye akaenda, na godoro lake.

Baada ya wiki mbili kutimia, nilianza upya kama siku ya kwanza. Nilikwenda kituo cha afya na diski kwenye toroli, kwenye ile mizani ya kupimia wagonjwa. Nilisimama peke yangu, nikasimama na diski, nikatoa uzito wangu. Mlinzi alidhani nimechanganyikiwa. Diski niliyoandika saba ilikuwa karibu kumi. Kopo la saba halikufika hata sita na nusu. Zile za tatu zilikuwa nne na ushee.

Kumbe siku ya kwanza, mwembamba mimi, sikuwa nanyanyua kilo sita. Zilikuwa zaidi ya nane, bila bomba. Wiki zote nne nilikuwa na nguvu kuliko daftari langu.

Niliwaza kufurahi, nikafurahi. Lakini niwaambie ukweli, furaha ile haikunifanya niruke kilo hata moja. Nilifuta chaki zote, nikaandika upya kwa rangi ya mafuta, nikarudi kwenye uzito wa aibu. Kila upande diski ya jozi yake. Kopo la zege sasa linazuia mlango usipigwe na upepo. Kola nazikaza, halafu natikisa bomba kabla sijanyanyua.

Na kine akanifundisha jambo ambalo ningelijua mwanzo ningepunguza machozi. Mtu hanyanyuliwi kama chuma. Nilikunja kanga mara nne, nikamfunga Bibi kiunoni, hapo ndipo pa kushika, siyo makwapani. Miguu yake ikanyage chini, guu langu moja katikati ya yake, goti langu likizuia goti lake bovu lisikunjike. Yeye ainame mbele, pua ipite vidole vya miguu yake. Mimi nachuchumaa, mgongo umenyooka, na tunahesabu pamoja. Hapo mapaja yangu yanafanya yale yale niliyoyafanya kwenye stuli mamia ya mara.

Tulifanya mazoezi hayo kila siku. Bibi akawa ananikosoa. "Goti! Goti lako liko wapi?"

Idi kubwa ikaja, tukala, ikapita. Siku ya tatu yake Mjomba akafika. Safari hii hakukuwa na watu mlangoni, alikuja asubuhi. Alikaa kwenye kiti. Ilikuwa saa ya Bibi kwenda bafuni, nikafanya kazi yangu.

Kanga kiunoni. Miguu chini. "Bismillahi," akasema Bibi, "moja, mbili..."

Akasimama. Nikamgeuza, nikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, nikampeleka, nikamrudisha, nikamsimamisha tena, nikamkalisha barazani. Pumzi yangu ilikuwa ya kawaida. Bibi hata hakumwangalia Mjomba, alikuwa anauliza chai iko wapi.

Mjomba akasema, "Nijaribu mi." Akamfunga kanga, akainama kwa mgongo kama wanaume wote, akavuta.

"We! Utanivunja!" Bibi akampiga kofi la bega. "Magoti, Rashidi. Muulize mutoto akufundishe."

Nikamfundisha. Alitoka jasho. Mara ya tatu akaweza, na Bibi akiwa amesimama mikononi mwake, wamekaribiana uso kwa uso, Mjomba akakaa vile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nadhani hakuwa amemshika mama yake tangu utoto.

Alipomkalisha alitoka uani, akampigia mkewe simu. Nilikuwa nafua kanga, nilisikia.

"Kile chumba... weka vitu vyako vya kushona. Apana. Haji. Eh, ni mi nimesema."

Hayo ndiyo yangu, wakuu.

Nilichojifunza ni kwamba nguvu ya nyumbani inawezekana, bila mashine na bila ruhusa ya mtaa. Lakini pima vyuma vyako mahali ambapo mtu hana faida kwenye kilo zako. Mkono ukikuambia kitu hakijalingana, uamini kabla ya chaki. Pumzika siku za kupumzika. Na ukiwa hujapona, ukaambiwa nyanyua mbele ya watu, sema apana, waache wacheke, kicheko hakina uzito.

Nina ndoto pia. Nataka uani hapa niweke pazia refu, wanawake wa Buyenzi waje asubuhi tunyanyue, wenye wagonjwa nyumbani waingie kwanza. Binti wa Mama Zuhura ameshajiandikisha, mama yake hajui.

Sasa nyie. Kuna mtu anamhudumia mgonjwa nyumbani? Mgonjwa akianguka sakafuni mnamwinuaje peke yenu? Hilo bado linanitisha, nahitaji msaada wa kweli. Na nyie wa "mwanamke hanyanyui vyuma" karibuni pia, uzi ni wa wote, ila pasheni mwili moto kwanza, maana nitawajibu mmoja mmoja.

Alasiri imeshaswaliwa. Wenzake Bibi wamefika, nawasikia wanavua viatu, naye anaita jina langu kana kwamba niko Kigoma. Ngoja nikamtoe nje.